Namna ya Kupata Kikundi cha Kusaidiana Kuacha Pombe: Mwongozo Kamili

"Tafuta kikundi" ni ushauri anaopewa karibu kila mtu anayesema anataka kuacha pombe. Ni ushauri mzuri, ila anayeutoa ni nadra kueleza kikundi chenyewe kinapatikanaje. Vikundi vingi havina ofisi wala kibao mlangoni. Hukutana jioni kwenye chumba cha kuazima, siku moja au mbili kwa wiki, na kwa makusudi kabisa havijipigii debe. Basi mtu anatafuta siku mbili tatu, anakosa, anahitimisha kwamba kwao hakuna.

Kabla ya hatua yoyote shika jambo moja: unachotafuta ni watu. Mkutano ni mahali pa kuwapatia tu. Mkutano huchukua saa moja, labda moja na nusu, na hamu ya pombe haifuati ratiba hiyo. Huja jioni ya siku ya mshahara, au usiku baada ya ugomvi nyumbani. Saa hiyo kinachokuokoa ni namba ya mtu atakayepokea simu na kukuelewa bila maelezo marefu. Yote yanayofuata hapa yapime kwa kipimo hicho.

1. Anza na mwili

Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue ndipo itulie, au ukikaa saa kadhaa bila kunywa unatokwa jasho na moyo unakwenda mbio, usiache ghafla ukiwa peke yako. Hapo kikundi hakitoshi. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa kwa mara moja unaweza kupata degedege, mara nyingi kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho. Wengine, kuanzia siku ya pili hadi ya nne, huchanganyikiwa, huona na kusikia visivyokuwepo, na homa hupanda. Hali hiyo isipotibiwa huweza kuua. Hospitalini kuna dawa za kumvusha mtu salama katika siku hizo, pamoja na vitamini B1 ambayo wanywaji wa muda mrefu mara nyingi huwa wamepungukiwa.

Huna uhakika umefikia wapi? Shirika la Afya Duniani lina dodoso liitwalo AUDIT. Lina maswali 10, na alama zake huanzia 0 hadi 40. Alama 8 na kuendelea ni ishara kwamba unywaji wako una hatari. Kuanzia 20, mwone daktari akuchunguze kama umeshakuwa mraibu. Lijaze ukiwa peke yako, maana mbele ya mwenza au mama mzazi hesabu ya chupa hupungua yenyewe.

2. Jua unachoulizia

Ukijua aina za vikundi, hata kuuliza kunakuwa rahisi.

Kilichoenea kuliko vyote ni Alcoholics Anonymous, maarufu kama AA. Kilianza mwaka 1935 mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani, na leo kina mikutano katika nchi zipatazo 180. Hakina kiingilio wala ada. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa. Hutakiwi kuthibitisha lolote, hutakiwi barua ya daktari, na jina la kwanza linatosha. Wanafuata Hatua Kumi na Mbili, yaani mwongozo wa kuacha pombe unaopitiwa hatua kwa hatua, ambazo zinamtaja Mungu "kwa jinsi tulivyomwelewa". Wapo waumini wa dini mbalimbali na wasio na dini ambao wamekaa humo miaka mingi. Wapo pia waliokereka na lugha hiyo wakaondoka. Usiamue kwa kusikia, nenda ukaone.

Utakuta mikutano ya aina mbili. Ya wazi inamruhusu yeyote, hata ndugu au mwanafunzi wa uuguzi anayetaka kuelewa. Ya faragha ni ya wenye tatizo la pombe peke yao. Kama unataka kusindikizwa mara ya kwanza, ulizia ya wazi.

Nje ya AA kuna SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994. Hii inatumia mbinu za kisaikolojia za kubadili fikra na tabia, haina hatua kumi na mbili wala sala, na mikutano yake inaongozwa na mtu aliyepata mafunzo. LifeRing nayo haichanganyi mambo ya dini. Women for Sobriety ilianzishwa Marekani miaka ya 1970 kwa ajili ya wanawake. Halafu kuna vikundi vya makanisa, vya misikiti, vya hospitali, na vile vinavyoundwa na watu waliotoka pamoja kwenye nyumba za upataji nafuu, wanakolazwa wanaoacha ulevi.

Kipi kinafaa zaidi? Mwaka 2020 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulichapisha mapitio ya tafiti 27 zilizohusisha watu 10,565. Ilionekana kwamba programu zilizopangwa vizuri za kumwunganisha mtu na AA zilisaidia wengi zaidi kuacha kabisa kuliko tiba nyingine zinazotambulika, ikiwemo ile ya kubadili fikra na tabia. Kwa vipimo vingine, kama kiasi cha pombe kinachonywewa, matokeo yalikaribiana. Mimi ningeanza na AA kwa sababu ya kawaida zaidi: ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa karibu nawe na kukutana zaidi ya mara moja kwa wiki. Kama karibu yako kuna kingine na AA iko mbali, anza na hicho kingine.

3. Ulizia sehemu kadhaa kwa mpigo

Usiulize sehemu moja ukasubiri jibu wiki nzima. Nia ya kuacha pombe ina tabia ya kupoa.

Mtandaoni, nenda moja kwa moja kwenye tovuti ya AA ya nchi uliyopo. Ukikosa, tumia tovuti ya kimataifa ya AA, ambayo ina orodha ya ofisi za nchi mbalimbali. Ipo pia programu ya simu ya bure iitwayo Meeting Guide inayoonyesha mikutano iliyo karibu, ingawa haijakamilika kwa nchi zote. SMART Recovery na LifeRing wana kurasa zao za kutafutia mikutano. Tahadhari: ukiandika tu "kuacha pombe" kwenye kisakuzi, majibu ya juu mara nyingi huwa ni matangazo ya vituo vya kulipia. Huenda ni vituo vizuri, lakini hicho ni kitu kingine. Anayekutajia bei ya kuhudhuria kikao anakuuzia huduma ya matibabu. Kikundi cha kusaidiana hakiuzwi.

Hospitalini usiishie mapokezi. Ulizia kliniki ya afya ya akili au ofisi ya ustawi wa jamii. Muuguzi wa kliniki hiyo mara nyingi anajua zaidi ya daktari, kwa sababu yeye ndiye anayewaona walewale wakirudi na kusimulia wanakohudhuria. Nyumba za upataji nafuu pia zinajua, hata kama huna mpango wa kulazwa huko. Piga simu, sema unatafuta mkutano wa nje.

Nyumba za ibada ziulizie kwa sababu mbili. Baadhi zina vikundi vyao, na nyingine hukodisha au kuazimisha vyumba kwa vikundi visivyo vyao. Mkutano wa AA ukifanyikia ukumbi wa kanisa haumaanishi ni wa kanisa hilo, na Mwislamu au asiye na dini anaruhusiwa kama mwingine yeyote. Anayejua ratiba ya ukumbi ni mtunza funguo, kwa hiyo mtafute yeye.

Kazini, pima kwanza. Ofisi nyingine zina ushauri nasaha wa siri kwa wafanyakazi. Kwingine siri hiyo inafika kantini kabla ya saa sita. Kama huna hakika, pita njia nyingine.

Chanzo ninachokiamini kuliko vyote ni mtu aliyeacha. Karibu kila mtaa una mmoja: yule aliyekuwa akibebwa kurudishwa nyumbani, na sasa ni mwaka wa tatu anaonekana mzima na hakuna anayejua ilikuwaje. Mfuate faraghani umwambie, "Samahani, nasikia uliacha. Nami nataka kuacha. Ulisaidiwa na nani?" Si rahisi akasirike. Kwa wengi wao, kumsaidia anayeanza ni sehemu ya namna wanavyobaki wima wao wenyewe.

4. Piga simu

Hapa ndipo wengi hukwama. Namba wanayo, imehifadhiwa kwenye simu kwa jina la uongo, na haipigwi.

AA yenyewe ilitokana na simu ya namna hii. Mei 1935, Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alikuwa peke yake kwenye hoteli mjini Akron, biashara imemwendea kombo, na baa ya hoteli iko wazi hatua chache kutoka aliposimama. Alikwenda kwenye simu akaanza kupigia viongozi wa makanisa, akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Alipiga kadhaa kabla ya kuunganishwa na mama mmoja, Henrietta Seiberling, ambaye kesho yake alimkutanisha na Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyeshindwa kuacha kwa miaka. Tarehe 10 Juni mwaka huo, siku inayohesabiwa kuwa ya mwisho kwa Smith kunywa, ndiyo AA inayoitambua kama siku yake ya kuzaliwa.

Basi piga, na usijiandalie hotuba. Haya yanatosha: "Habari. Nimepewa namba hii, nimeambiwa mna mkutano wa watu wanaoacha pombe. Ningependa kuja. Mnakutana lini na wapi?" Wakikujibu, ongeza maswali machache: mkutano ni wa wazi au wa faragha, unaendeshwa kwa lugha gani, mlango ni upi, maana majengo yenye milango mitatu yamewarudisha wengi nyumbani, na kama yupo mtu wa kukupokea nje siku hiyo. Hilo la mwisho usilione aibu kuliomba. Kama ni mwanamke, uliza kama wanawake wengine huhudhuria, au kama kuna mkutano wa wanawake watupu. Kama una watoto wadogo, au ngazi zinakusumbua, sema mapema.

Namba ikiwa haipatikani, au ratiba mtandaoni ikionekana ya zamani, usikate tamaa kwa hiyo namba moja. Viongozi wa vikundi hivi ni wa kujitolea na hubadilishana zamu, kwa hiyo namba huzeeka haraka. Ndiyo maana nilisema uulizie sehemu kadhaa kwa mpigo.

Usipoweza kuongea, tuma ujumbe. Lakini kabla hujaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, kumbuka kwamba namba yako itaonekana na wote waliomo, pamoja na picha uliyoweka. Omba kuonana na watu kwanza.

5. Siku ya kwanza

Fika dakika 10 kabla. Ukichelewa utaingia watu wote wamekaa, shingo zigeuke, na hilo ndilo ulilokuwa unaliogopa. Utakuta viti vimepangwa, pengine kwa duara, watu wanaongea mambo ya kawaida kabisa. Atakuja mmoja akuulize kama ni mara yako ya kwanza. Sema ndiyo.

Mwenyekiti wa siku atafungua kwa kusoma utangulizi. Kisha wageni hukaribishwa kujitambulisha, asiyetaka anaacha. Wazungumzaji hutaja jina la kwanza na kusema wao ni walevi, hata aliyeacha miaka ishirini iliyopita. Wengine humwitikia kwa kumkaribisha. Kila mmoja anaeleza yake kwa dakika chache, na hakuna kukatizana wala kushauriana. Jambo hili huwashangaza wageni wanaotarajia kuhojiwa. Zamu ikikufikia na huna la kusema, "Leo nasikiliza tu" ni jibu kamili, nao watakushukuru na kuendelea. Kikapu cha mchango kikipita, kipitishe. Mgeni hatarajiwi kutoa. Wakifunga kwa sala, unaweza kukaa kimya.

Ukifika umekunywa? Vikundi vingi havitakufukuza mradi utulie. Huenda ukaombwa usizungumze siku hiyo.

Sehemu yenye faida kubwa kuliko zote ni robo saa baada ya mkutano, na ndiyo ambayo wageni huikimbia. Usitoke. Saidia kupanga viti. Mikono ikiwa na kazi mazungumzo hayana uzito, na hapo ndipo mtu atakuambia "hata mimi nilikuwa nikificha chupa kwenye tangi la choo." Ondoka na angalau namba mbili za simu. Kama hakuna aliyekupa, omba. Kesho yake mpigie mmoja ukiwa salama, hata kama huna la kusema zaidi ya salamu, ili siku ya shida isiwe mara ya kwanza kusikia sauti yake.

6. Pima kabla ya kukaa

Mkutano mmoja hautoshi kuhukumu kikundi. Hudhuria kama mara nne hivi, na ikiwezekana linganisha na kingine. Jiulize: kuna mtu aliyesimulia maisha yanayofanana na yangu? Wapo waliokaa miaka bila kunywa, au wote ni wapya kama mimi? Namba nilizopewa zilipokelewa?

Kuna mambo yasiyovumilika hata mara moja. Mtu kukuomba mkopo ukiwa mgeni, kikundi kuwa mali ya mtu mmoja asiyekosolewa, kukatazwa kuhudhuria kwingine, kuzisikia habari za mkutano zikizunguka nje: ondoka. Wapo pia wanaowanyemelea wageni kimapenzi, kwa kuwa mtu wa siku za mwanzo ana upweke na ni mwepesi kuamini. AA ina desturi kwamba mgeni mwanamume aongozwe na mwanamume na mwanamke na mwanamke, na sababu ni hiyo.

La dawa nalitenga kwa sababu limeumiza watu. Naltrexone na acamprosate ni dawa zinazosaidia kupunguza hamu ya pombe au kubaki bila kunywa. Disulfiram humfanya mtu augue akinywa. Na wengine wanatumia dawa za sonona au kifafa. Ukimsikia mwanachama akisema anayemeza vidonge "hajaacha kweli", jua hayo ni maoni yake binafsi. Maandiko ya AA yenyewe yanaonya kwamba mwanachama asijifanye daktari. Dawa yako inaachishwa na aliyekuandikia.

Tena, usiri wa kikundi ni ahadi ya kuheshimiana, haulindwi na sheria kama ule wa wakili na mteja wake. Una kesi mahakamani au jambo linaloweza kukuweka ndani? Hilo mweleze wakili.

7. Tafuta mlezi

Kwenye AA anaitwa sponsa: aliyeacha muda wa kutosha na kuzipitia Hatua, anayekubali kukuongoza. Usimchague kwa ufasaha wa kuzungumza. Mtazame anayefika kwa wakati, anayepokea simu, asiyejigamba kwa vituko vya zamani. Mwombe waziwazi: "Ungekubali kuwa sponsa wangu, hata kwa muda?" Akikataa, pengine tayari ana watu wa kumtosha, mwombe akuelekeze kwa mwingine. Wapya hushauriwa mara nyingi kuhudhuria mikutano 90 ndani ya siku 90. Kama kwenu ni mmoja tu kwa wiki, jaza siku nyingine kwa simu na mikutano ya mtandaoni.

Ukiteleza ukanywa, rudi mkutano unaofuata, hata kama ni kesho. Utaanza kuhesabu siku upya, na nusu ya waliomo chumbani wanajua hali hiyo. Aibu ya kurudi huwa kubwa zaidi kila wiki unayoikaa nje.

Na ndugu je? Hawawezi kuhudhuria kwa niaba yako, wala wewe huwezi kuwatibu kwa mkutano wako. Wao wana Al-Anon, vikundi vya ndugu na marafiki wa walevi vilivyoanzishwa mwaka 1951, na matineja wana Alateen. Wanaweza kwenda hata kama mnywaji mwenyewe hajataka kuacha.

8. Kama kweli hakuna

Umeulizia kote, jibu ni hakuna. Ingia mikutano ya mtandaoni, ambayo hufanyika saa zote za siku kwa kuwa dunia ina majira tofauti; angalia tu saa iliyoandikwa ni ya nchi gani. Unaweza kuzima kamera na kutumia jina la kwanza. Humo uliza kama yupo yeyote wa eneo lako. Mara nyingine mnakuwa wawili mliokuwa mkitafutana bila kujua.

Wawili mnatosha kuanza. Kwa utaratibu wa AA, watu wawili au watatu wanaokutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi, mradi kisiwe na uhusiano na taasisi nyingine. Waandikieni ofisi ya AA ya nchi yenu, au ile ya huduma iliyoko New York, mpate vitabu na maelekezo. Ombeni chumba kisicho nyumbani kwa mtu, maana siku mkikosana na mwenye nyumba mkutano umekufa. Chagueni siku moja na saa moja, msizibadilishe. Kisha pelekeni karatasi yenye siku, saa, mahali na namba moja ya simu kwa yule muuguzi wa kliniki ya afya ya akili na kwa mtunza funguo wa ukumbi. Miezi ya mwanzo kuna jioni mtakazokaa wawili tu, au mmoja. Fungueni mlango hivyohivyo, mkae saa nzima, kwa sababu anayekuja kuchungulia mara ya kwanza akikuta pamefungwa huenda asirudi.